Dogo ana akili ya mpira ila hana mbio: nimtoe au nimwache?

"Habari kocha. Nalea mdogo wangu wa kiume hapa Mwanza, ana miaka 14, yuko form two. Anapenda mpira kuliko kula. Anacheza kiungo, na kila anayemuona anasema huyu dogo ana akili ya mpira, anapiga pasi ambazo wenzake hata hawazioni. Shida hana mbio. Mwaka huu kocha wake kamuweka benchi, namba yake kapewa kijana mwingine mwenye spidi balaa, na mimi akaniambia waziwazi: dada, mpira wa siku hizi ni mbio, akili inakuja baadaye. Jirani yetu aliyewahi kucheza anamkimbiza kila alfajiri kupanda mlima na begi la mchanga mgongoni, huu mwezi wa tatu na sioni tofauti, tena siku hizi analalamika goti, hapo chini yake pana kinundu, jirani anasema ndo kukua huko. Naomba kujua, mbio zinafundishika au mtu anazaliwa nazo? Na akili bila mbio inamfikisha mtu popote, au nimwambie tu ukweli aweke nguvu kwenye masomo?"

Dada, asante kwa kuandika kwa kirefu hivi. Wengi wananiandikia mstari mmoja tu, "kocha dogo hana spidi nifanyeje", na hapo unashindwa uanzie wapi. Wewe umenipa umri, namba anayocheza, mazoezi anayofanyishwa, na umetaja goti. Hilo goti umeliweka karibu na mwisho kama jambo dogo, lakini mimi ndo limenishtua kuliko mengine yote, kwa hiyo naanza nalo: begi la mchanga lisimame kuanzia kesho alfajiri. Huko chini nitakueleza kwa nini na lini umpeleke hospitali, ila hilo moja usisubiri mpaka umalize kusoma.

Sasa nikikusoma vizuri naona maswali mawili yamefungwa kwenye fundo moja. Kuna la mpira wenyewe, kati ya mbio na akili kipi kina thamani zaidi. Halafu kuna lile linalokunyima usingizi, kwamba unamuona mtoto anapenda kitu kwa moyo wote, mtu mzima anayeheshimika kasema hana kitu cha lazima, na wewe kama mlezi hutaki kumkatisha tamaa na wala hutaki kumdanganya. Nitayajibu yote mawili na sitakupamba.

Tuanze na mbio zenyewe maana hapa ndo watu wengi wanachanganya. Mtu akisema "fulani ana mbio" anamuwaza winga anayetoka na mpira katikati ya uwanja mpaka kwenye kibendera cha kona, lakini ukikaa ukahesabu mechi nzima utaona mbio nyingi ni fupi sana, mita tano, mita kumi, kumi na tano, halafu mtu anasimama au anageuka au anagongana na mwenzake. Usain Bolt alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 pale Berlin mwaka 2009, na katikati ya mbio ile alizidi kilomita 44 kwa saa, wakati hao tunaowaita wenye mbio kali kwenye mpira wanacheza kwenye 35, 36 hivi. Mwaka 2018 akaenda Australia kujaribiwa na Central Coast Mariners, akafunga mabao mawili kwenye mechi moja ya kirafiki, akaondoka bila mkataba. Utasema alikuwa na miaka 32 na alichelewa kuanza, na ni kweli, lakini jiulize alichelewa kuanza nini hasa, maana miguu alikuwa nayo. Alichelewa kuanza kukusanya yale maelfu ya masaa ya kujua mpira utadondokea wapi, beki ataegemea upande gani, na aanze kukimbia sasa hivi au asubiri kidogo.

Chukua hesabu ndogo. Vijana wawili wanagombea mpira ulio mita kumi mbele yao. Tuseme mwenye mbio anazimaliza kwa sekunde 1.8 na mwenzake kwa sekunde 2. Hiyo tofauti ya sekunde 0.2 kwenye mashindano ya shule ni kubwa, wa kwanza anachukua medali na wa pili haonekani. Lakini uwanjani hakuna anayepuliza kipenga cha kuanza. Yule wa pili kama aliona bega la mpigaji linavyogeuka akaanza kuondoka theluthi moja ya sekunde kabla, anafika wa kwanza, na watu wa jukwaani watasema "aisee huyu dogo ana mbio". Johan Cruyff, nyota wa zamani wa Uholanzi, aliwahi kulieleza hili, kwamba ukianza kukimbia mapema kidogo kuliko mwenzako watu wanakuona wewe ndo una kasi zaidi. Mimi huwa nawaambia wazazi kwamba mbio na akili zote zinanunua bidhaa moja, na bidhaa hiyo ni muda. Mwenye mbio anaupata muda kwa miguu baada ya mpira kupigwa, mwenye akili anaupata kwa macho kabla haujapigwa.

Lakini usinielewe vibaya ukadhani nazibeza mbio. Kocha wa mdogo wako hajasema uongo mtupu. Mpira umekuwa wa kasi kweli: ukichukua Ligi Kuu ya Uingereza, kati ya msimu wa 2006/07 na 2012/13 tu, umbali ambao wachezaji wanakimbia kwa kasi kubwa uliongezeka kwa takribani asilimia 30, na tangu hapo timu zimezidi kukabia juu na kupanga mabeki karibu na katikati, kwa hiyo nyuma yao kuna shamba zima la kukimbilia. Kumbuka ile mechi ya Ufaransa na Argentina, Kombe la Dunia 2018 pale Kazan, Mbappé wa Ufaransa ana miaka 19, anauchukua mpira upande wa kwao anatoka nao mpaka anaangushwa kwenye boksi, penalti, Griezmann anafunga. Hakuna mafunzo ya kusoma mchezo yanayoweza kukupa kitu kile kama miguu haina.

Halafu mbio zina faida nyingine ambayo watu hawaihesabu, zinafanya kazi hata mwenye nazo akiwa amesimama. Beki akijua winga wa upande wake ana mbio anarudi nyuma mita nne, tano, kwa kuogopa tu, na hizo mita tano anazoziacha ndo anazochezea kiungo. Yaani kuna mechi winga mwenye spidi hajagusa mpira mara kumi lakini ndo aliyewafungulia wenzake uwanja. Nikiwa na timu ya vijana lazima nitafute mmoja au wawili wa hivyo, na kocha wa mdogo wako yuko sahihi kumtaka yule kijana. Nisichokubaliana naye ni kumuweka pale katikati kwenye namba ya mdogo wako, na ile sentensi ya "akili inakuja baadaye". Hiyo kwa uzoefu wangu imegeuzwa kichwa chini miguu juu.

Nikueleze kwa nini. Akili ya mpira haina uhusiano na kuwa wa kwanza darasani, wala si kipaji cha ajabu kilichoshushwa kwa wachache. Kwa sehemu kubwa ni mambo matatu. La kwanza ni kutazama: mchezaji anageuza shingo kuangalia nyuma ya bega lake kabla mpira haujamfikia. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, alikaa miaka akirekodi viungo wakubwa na kuhesabu wanageuza shingo mara ngapi kabla ya kupokea, na watu kama Xavi na Frank Lampard walikuwa juu kabisa, Xavi karibu mara nane kwa kila sekunde kumi. Jaribu mwenyewe hapo ulipokaa, uone shingo inavyofanya kazi. La pili ni kumbukumbu: mtu akishaona hali fulani mara elfu, ubongo unaacha kumhesabu mchezaji mmoja mmoja, unaiona picha nzima kwa pamoja, kama wewe unavyosoma neno zima badala ya herufi moja moja. La tatu ni kuchagua haraka ukiwa na presha, mtu anakuja, umechoka, kocha anapiga kelele, na wewe unachagua pasi rahisi iliyo sahihi.

Hayo yote matatu yanajengwa, na yanajengwa vizuri zaidi utotoni na ujanani, kwa kucheza sana. Ndo maana chandimu ya uchochoroni inatoa viungo wazuri kuliko viwanja vingi vyenye koni, kwa sababu pale ukuta ni adui, jiwe ni adui, kuna wachezaji kumi na wawili kwenye eneo la chumba na sebule, usipotazama kabla unavunjwa. Kijana anayekaa mpaka miaka 18 akishinda kwa mbio peke yake hajawahi kulazimika kutazama. Akifika huko juu anakuta kila mtu ana mbio kama zake, sasa aanze kujifunza kusoma mchezo wakati wenzake walishajifunza wakiwa na miaka 11. Inawezekana, ila ni kazi kubwa mno, na wengi nimewaona wakiishia njiani.

Mfano wa nyumbani kwetu kabisa ni Clatous Chama. Sidhani kuna shabiki wa Simba au wa Yanga atakayesema Chama alikuwa na mbio. Lakini Machi 2019, Simba na AS Vita, uwanja umejaa, mechi iko moja moja na muda unakwisha, ni yeye aliyepata bao lililoipeleka Simba robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Ukimwangalia Chama usiangalie mpira, mwangalie yeye dakika nzima kabla hajaupata. Anatembea, anasimama mahali ambapo beki anasema huyu wa kiungo na kiungo anasema huyu wa beki, na wakati wanaulizana yeye ameshapokea na ameshageuka. Mbwana Samatta naye, lile bao la Wembley la tarehe 1 Machi 2020 dhidi ya Manchester City, fainali ya Kombe la Ligi, hakumpita mtu kwa mbio za mita thelathini. Krosi ya El Ghazi ilimkuta amefika mahali sahihi kwa wakati sahihi, akajirusha akapiga kichwa. Samatta ana mbio zake nzuri tu, lakini bao lile lilikuwa la kusoma.

Sasa la kuzaliwa au kufundishwa. Hapa nakwambia kitu ambacho hakifurahishi: kati ya hivi viwili, mbio ndo zina urithi mwingi zaidi. Misuli ina nyuzi za haraka zinazochoka upesi na nyuzi za polepole zinazodumu, na mgao wake kwa kiasi kikubwa unatoka kwa baba na mama. Huwezi kumchukua mtu yeyote ukamfanya Mbappé. Unachoweza ni kuboresha: jinsi anavyoondoka, anavyotumia mikono, nguvu ya mapaja na makalio, anavyosimama na kugeuka. Mtu wa kawaida akifanya kazi hiyo vizuri mwaka mzima atatoka kwenye "mzito" mpaka kwenye "wa kawaida", na kwa kiungo hiyo safari fupi inaweza kuwa ndo kila kitu.

Ila kuna jambo kubwa zaidi kwa mdogo wako, naye ni umri wake. Miaka 14 dada! Watoto wa kiume wengi wanakuwa kwenye kasi kubwa ya kurefuka karibu na miaka 14, lakini kuna anayeanza na 12 na kuna anayesubiri mpaka 16. Ukiwapanga vijana kumi wa miaka 14 kwenye mstari, mwili wa mmoja ni wa mtu wa miaka 16 na wa mwingine ni wa miaka 12, wote wamezaliwa mwaka mmoja. Yule aliyetangulia kubalehe ana misuli zaidi na hatua ndefu zaidi, bila shaka atamwacha mwenzake, na kocha anaita hiyo kipaji. Mara nyingi ni kalenda tu. Na tusifichane, kwenye timu zetu za vijana kuna wengine wamepunguza miaka, jambo ambalo liliwafanya FIFA kuanzia mwaka 2009 waanze kuwapima wachezaji kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17. Simtuhumu huyo kijana wa mbio, simjui. Nasema tu kwamba kumlinganisha mdogo wako naye leo ni kama kulinganisha mahindi yaliyopandwa Novemba na yaliyopandwa Januari.

Na mtoto akiwa katikati ya kurefuka anaweza hata kurudi nyuma kwa muda. Miguu imeongezeka ghafla lakini ubongo bado unatumia ramani ya miguu ya mwaka jana, anajikwaa, anachelewa kugeuka, anaonekana mzito. Mimi niliwahi kumuacha kijana wa hivyo. Alikuwa na miaka 15, mtaratibu, mpole, anapiga pasi safi, nikamwambia baba yake kwa roho safi kabisa kwamba hataweza. Mwaka na nusu baadaye nikamkuta kwenye mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, amekuwa mrefu kama mlingoti, ana hatua ndefu, na ile akili yake yote bado ipo. Baba yake alinisalimia vizuri tu, hakunisema neno, na hilo liliniuma zaidi. Tangu siku ile sijamuacha mtoto wa chini ya miaka 16 kwa sababu ya mbio peke yake. Luka Modrić naye, kiungo wa Croatia, alikuwa kijana mdogo mwembamba, klabu ya Hajduk Split walimuona dhaifu hawakumtaka, na mwaka 2018 akabeba Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka.

Upande wa pili wa shilingi nao uujue. Michael Owen, straika wa Uingereza, alikuwa na miaka 18 alipowaacha mabeki wa Argentina kwa mbio kwenye Kombe la Dunia 1998. Aprili 1999 msuli wa nyuma ya paja ukamchanika kwenye mechi dhidi ya Leeds, na yeye mwenyewe amesema baadaye kwamba hakurudi kuwa yule yule. Akashinda Ballon d'Or 2001, kwa hiyo si kwamba aliisha pale, ila majeraha ya misuli yalimsumbua mpaka anastaafu mwaka 2013. Msuli huo ndo unaoumia kuliko mingine kwenye mpira, na unaumia hasa mtu akiwa kwenye mbio kali. Mbio ni mali, lakini ni mali inayoweza kuibiwa usiku mmoja. Nakwambia hili ili hata huyo kijana mwingine umhurumie, anahitaji kufundishwa kutazama kama mdogo wako anavyohitaji kufundishwa kuondoka.

Sasa ukweli mchungu niliokuahidi. Ukisikia watu wanasema viungo kama Busquets au Pirlo "hawana mbio", wanawalinganisha na mawinga wa dunia. Waweke kwenye uwanja wa mtaani kwako uone. Kuna kiwango cha chini cha kasi ambacho ukiwa chini yake akili haiwezi kukuokoa, unaiona nafasi lakini unafika imefungwa. Kiwango hicho kinatofautiana na namba. Winga na beki wa pembeni mlango ni mwembamba kabisa bila mbio. Beki wa kati inategemea timu inakabia juu au inakaa nyuma. Straika kuna wa aina mbili, wa kukimbia na wa kujua pa kusimama. Kiungo, namba sita na nane, hapo ndo akili inalipa kuliko mahali pengine popote, na bahati nzuri ndo alipo mdogo wako. Kwa hiyo asihamishwe namba ili "atafutiwe spidi", abaki pale. Lakini kama akifika miaka 17 au 18, ameshamaliza kubalehe, amefundishwa vizuri, na bado mita tano za kwanza kila mtu anamuacha, basi ligi kubwa itakuwa ngumu, na siku hiyo utatakiwa kumwambia. Siku hiyo bado haijafika.

Masomo asiache kwa vyovyote, na hapo sina mjadala. Hata vijana wenye mbio na akili zote mbili, wengi hawafiki kwenye mkataba wa maana. Ila usimpe kama adhabu, "kwa kuwa huna mbio basi kasome". Mwambie mpira na shule vyote vinaendelea, saa za kila kimoja zinajulikana.

Mazoezi sasa. Ule mlima na begi haujampa mbio kwa sababu unamfundisha kuvumilia akiwa amechoka, na kasi haijengwi ukiwa umechoka. Kupanda mwinuko mfupi si vibaya kwenyewe, kosa ni mzigo mgongoni, urefu wa safari na kufanya kila siku. Goti likishapona na daktari akiruhusu, afanye hivi: mara mbili kwa wiki, akiwa hajachoka, baada ya kupasha mwili vizuri, akimbie mita kumi kwa nguvu zote mara sita, kisha mita ishirini mara nne, na kati ya kila mbio apumzike dakika nzima au zaidi mpaka pumzi irudi. Ataona kama anavivia, jirani naye atasema huo si mazoezi, mwache aseme. Abadilishe namna ya kuanza, leo amesimama, kesho amelala kifudifudi, siku nyingine amekupa mgongo. Kuna programu ya kupasha mwili inaitwa FIFA 11+, ni ya bure, haihitaji vifaa, ina lile zoezi la kupiga magoti mwenzako akakushika vifundo vya miguu halafu unajishusha mbele taratibu, linalinda msuli wa nyuma ya paja. Na alale, mtoto anayekua akiamshwa saa kumi alfajiri kila siku unamnyima mbolea yake.

Macho nayo unaweza kumsaidia wewe mwenyewe hata kama hujawahi kucheza. Apige mpira ukutani umrudie au mtu ampigie, wewe simama nyuma yake, na kabla mpira haujamfikia nyoosha vidole, viwili, vinne, na lazima ataje namba kabla ya kugusa. Baada ya wiki mbili sogea upande usiotarajiwa. Akiangalia mechi kwenye TV mwambie amchague kiungo mmoja amfuate yeye tu dakika kumi, mpira auache. Na akitoka mazoezini badala ya kumuuliza "mmeshinda?", muulize "kabla hujapokea ulikuwa umemuona nani?" Mwanzoni atakuangalia kama unaongea Kichina. Baadaye atakuja mwenyewe anakusimulia.

Kwa kocha nenda na heshima, usiende kugombana. Muombe dakika ishirini kwa kila mechi, na umuulize kama wale wawili wanaweza kucheza pamoja, mwenye mbio pembeni na mdogo wako katikati anamlisha, maana hapo kila mmoja anamfanya mwenzake aonekane mzuri zaidi. Akikataa kabisa na msimu mzima dogo hachezi, tafuta timu nyingine hata kama ni ndogo. Umri huu kukaa benchi ndo kunakoua, kwa sababu ile kumbukumbu niliyokueleza inajengwa kwa kucheza.

Nirudi kwenye goti. Kinundu chini ya pia ya goti kwa mtoto wa miaka 14 anayekua na kukimbia sana, mara nyingi ni tatizo linaloitwa Osgood-Schlatter. Kano inayotoka gotini imejishika juu ya mfupa wa ugoko mahali ambapo mfupa bado ni laini kwa sababu unakua, na ikivutwa kila siku panauma na kuvimba. Jirani hajakosea sana akisema ni kukua, amekosea kusema aendelee na begi. Kwa kawaida linaisha lenyewe kukua kukiisha, akipunguziwa mzigo, akiwekewa barafu, akifundishwa kunyoosha na kuimarisha mapaja. Lakini mimi sijalishika goti lake na siwezi kukuhakikishia kwa maandishi, kwa hiyo wiki hii mpeleke aonwe. Si lazima uanzie Bugando, hospitali yoyote yenye daktari wa mifupa au mtu wa fiziotherapia inatosha kuanzia.

Ukiona maumivu yanamuamsha usiku, au goti limevimba lote na lina joto, au ana homa, au linagoma kunyooka, au anachechemea hata akiwa hajacheza, usingoje wiki, nenda siku hiyo hiyo. Na kama anachechemea huku analalamika goti au paja, mwambie daktari apime na nyonga, kwa sababu kwa vijana wa umri huu kuna tatizo la kichwa cha mfupa wa paja kuteleza kwenye nyonga ambalo maumivu yake yanasikika gotini, na hilo halitakiwi kucheleweshwa hata siku moja. Na tafadhali asipewe diklofenaki ili akacheze, dawa itanyamazisha maumivu na yeye ataendelea kuumia.

Leo jioni msimamishe ukutani bila viatu, weka rula juu ya kichwa, chora mstari kwa penseli na uandike tarehe. Baada ya miezi mitatu rudia hapo hapo, na ikiwa ameongezeka sentimita mbili au zaidi jua yuko katikati ya kurefuka kwake. Kama unakumbuka baba yenu alirefuka akiwa na umri gani, au kaka zake, niandikie hilo pamoja na atakachosema daktari, ndo nijue tuanze zile mita kumi lini.